Diski Zisizoonekana: Safu ya Diski na Usakinishaji wa Windows

Tumchukue mtafiti wa fasihi simulizi ambaye rekodi zake zimo katika kompyuta yenye diski mbili zilizounganishwa kuwa safu moja, yaani RAID. Windows imeharibika, anapoisakinisha upya, anaambiwa hakuna diski yoyote. Je, diski zimekufa? La hasha! Aghalabu ni nzima. Kinachokosekana ni kiendeshi: programu inayokiwezesha kisakinishi kuwasiliana na kidhibiti cha safu. (Baadhi yetu huiita diski yenyewe kiendeshi, na utata huo huzidi kutupotosha.)

Tatizo hili si geni. Windows XP ya mwaka 2001 ilimlazimu mtumiaji kubonyeza F6 mapema na kuwa na kiendeshi katika flopi. Tangu Vista ya mwaka 2007, CD au flashi yatosha. Kiendeshi hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, nacho sharti kifunguliwe kwanza hadi faili ya .inf ionekane, kwani kisakinishi hakisomi kilichofungashwa.

Kishawishi kikubwa ni kuingia BIOS na kubadili RAID kuwa AHCI. Naam, diski zitaonekana, lakini kila moja peke yake. Katika RAID 0, ambapo faili hukatwa vipande na kugawanywa baina ya diski, huenda zikaonekana kama diski tupu, na akizifomati, sauti za wazee aliowarekodi zimekwenda. Airejeshe RAID kabla ya kuandika chochote, apakie kiendeshi, kisha aisakinishe Windows katika sehemu yake ya awali, asiiguse ile yenye rekodi.