Bunduki ya upepo hainunuliwi kwa kusoma boksi

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, anakofanya kazi kwenye shamba la kabichi. Tajiri wake amempa ruhusa ya kuwinda sungura na njiwa pori wanaomaliza mboga. "Shikamoo mjomba. Nimeona bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu. Boksi limeandikwa futi 1,200 kwa sekunde. Niichukue?" Nikamuuliza uzito wake. Hajui. Kuikoki je, ngumu? Hajaishika. Basi alichoona ni boksi tu.

Futi 1,200 ni mita 366 kwa sekunde, mwendo unaoipita sauti. Kiwanda huipata namba hiyo kwa kufyatua risasi nyepesi ya aloi ambayo mwindaji hana kazi nayo. Risasi ya bunduki ya upepo ina kiuno chembamba na sketi nyuma, na umbo hilo halipendi kasi ya namna hiyo: inapopungua na kurudi chini ya mwendo wa sauti huanza kuyumba. Tena hulia kama mjeledi, na sungura wa shamba zima wanaingia shimoni.

England na Wales hapo hapo pana suala la sheria. Bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kidogo, mtu mzima huimiliki bila cheti; ikizidi hapo, ni cheti cha polisi kama bunduki ya baruti. Scotland, tangu mwisho wa 2016, hata hizo ndogo zina cheti chake. Na msomaji wa nyumbani asichukue makala haya kuwa ruhusa: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwindi mnyamapori bila kibali.

Jouli 16 zinatosha. Sungura aliyepigwa kichwani kwa umbali wa mita 25 au 30 hahitaji zaidi, na aliyepigwa tumboni hata jouli 30 zitamwacha akijikokota kwenda kufia shimoni. Kwa hiyo swali langu kwa mpwa likawa moja: ipi utaweza kuipiga vizuri?

Hapo ndipo bunduki ya springi inapomuumbua mtu. Ukikunja mtutu unaisukuma pistoni nyuma na kuikandamiza springi. Ukivuta triga, pistoni inaruka mbele na kubana hewa, nayo bunduki inarudi nyuma. Kisha pistoni inagota kwenye mto wa hewa mwisho wa silinda, na bunduki inarushwa mbele. Mateke mawili, nyuma na mbele, na sehemu kubwa ya purukushani hiyo hutokea risasi ikiwa bado mtutuni. Springi ikiwa kali zaidi, teke nalo ni kali zaidi. Ukiikaba bunduki kwa nguvu, kila mara utaikaba tofauti kidogo, na matundu yatatawanyika kwenye karatasi. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, iache iruke inavyotaka, ilimradi iruke vile vile kila mara. Teke la kwenda mbele ndilo pia linalovunja darubini za kawaida, hata zile zinazovumilia bunduki kubwa ya baruti. Nunua darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ya springi.

Siku hizi zipo zenye pistoni ya gesi badala ya springi, kama ile mikono inayoinua buti la gari. Hazina mtetemo wa springi, na ukiiacha imekokiwa huku ukimsubiri sungura atoke, gesi haichoki kama springi. Mimi bado napenda springi. Ikichoka naibadilisha mwenyewe mezani. Gesi ikivuja ni safari ya kwa fundi.

Kipenyo kina mabishano yasiyoisha. Kwa jouli 16, risasi ya milimita 4.5 yenye nusu gramu hutoka kwa mita 253 hivi kwa sekunde. Ya milimita 5.5 yenye gramu moja hutoka kwa mita 179. Bunduki uliyoirekebisha kupiga katikati kwa mita 25, ukiipeleka mita 40, ile nzito itatua karibu sentimita 10 chini, nyepesi nusu ya hapo. Anayekosea kukadiria umbali achukue 4.5. Mpwa alichukua 5.5, kwa sababu anapiga kutoka ukingo mmoja ambao ameshaupima kwa hatua.

Bunduki yenyewe nilimchagulia Weihrauch HW95, ya Mjerumani. Ina kilo tatu na nusu hivi kabla ya darubini, na triga yake ya Rekord inajulikana kwa ulaini. HW80, ndugu yake, inafika kilo nne. Uibebe asubuhi nzima kwenye tope uone. Dukani nilimwambia aikoki mara ishirini mfululizo kabla ya kutoa hela, mkono wake ukishikilia mtutu mpaka risasi iingie na mtutu ufungwe. Ukiuachia njiani na triga ikafyatuka, mtutu hurudi kwa kishindo. Unaweza kupinda, au ukachukua kidole. Wala usiifyatue tupu, pistoni itagonga chuma.

Jumamosi nikamfuata shambani, nikamchorea duara la sentimita 3 kwenye kadi: ndilo kichwa cha sungura pale panapohusika. Mita 20, risasi kumi, zote ndani. Mita 25, tisa. Mita 35, nne tu, na moja nje ya kadi kabisa. Akapigilia kigingi mita 20 kutoka ukingoni. Jioni sungura wawili walitoka kula, ng'ambo ya kigingi, na mpwa akabaki amelala kifudifudi, risasi mfukoni, akiwatazama.