Sheria ya Ukoma Katika Israeli na Mafundisho Yake Kwetu

Wengi wetu tusomapo Mambo ya Walawi huchoka tufikapo sura ya 13. Twaona habari za madoa, vipele na nywele zilizogeuka rangi, nasi twafunua kurasa upesi tukisema, "Hayo yalikuwa ya Waisraeli wa kale." Ni kweli kwamba sisi Wakristo hatufungwi na sheria zile za unajisi. Lakini sheria iliyokwisha kazi yake yaweza bado kuwa mwalimu. Leo twataka kuitazama moja tu, sheria ya ukoma, kwa kuwa watu huikumbuka nusu yake na kuisahau nusu ya pili.

Nusu ikumbukwayo ni hii. Mtu mwenye doa la kutia shaka aliletwa kwa kuhani. Kuhani alimtazama, na asipokuwa na hakika alimweka peke yake siku 7, kisha akamtazama tena, na pengine akamweka siku 7 nyingine. Ilipohakikishwa kwamba ni ukoma, mtu yule alirarua nguo zake, akaziacha nywele zake wazi, akafunika mdomo wake wa juu, akajitangaza kwa sauti kuwa yu najisi, akakaa peke yake nje ya marago, yaani nje ya kambi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufahamu mambo mawili. Kwanza, neno la Kiebrania lililofasiriwa ukoma lilikuwa pana kuliko ugonjwa tuujuao leo kwa jina hilo, maana lilitumika hata kwa madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Pili, kuwa najisi si sawasawa na kuwa mwenye dhambi. Mtu aliyegusa maiti alikuwa najisi siku 7, hata kama maiti ile ilikuwa ya baba yake aliyemzika kwa heshima.

Sasa tazameni uangalifu wa sheria hii. Kuhani hakuagizwa kutoa dawa. Kazi yake ilikuwa kupambanua. Hakupewa ruhusa ya kuhukumu kwa uvumi wa majirani wala kwa hofu yake mwenyewe. Tena aliagizwa waziwazi kwamba jipu lililopona likaacha kovu, au mahali palipoungua pakaacha kovu, mtu huyo ni safi. Kovu si ugonjwa. Neno hilo na tulishike, maana tutalirudia.

Nusu isahauliwayo imo katika sura ya 14. Mgonjwa alipopona, hakuachwa ajitafutie njia ya kurudi. Kuhani mwenyewe alitoka nje ya marago kumwendea. Waliletwa ndege wawili walio hai. Mmoja alichinjwa juu ya maji ya mtoni katika chombo cha udongo, na wa pili akaachiliwa aruke aende zake. Siku ya 8 sadaka zilitolewa, na maskini asiyeweza kuleta wana-kondoo watatu alileta mmoja pamoja na hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ndipo kuhani alipomtia damu, kisha mafuta, katika ncha ya sikio la kuume, na kidole gumba cha mkono wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Na mahali pale pale ndipo Musa alipowatia damu Haruni na wanawe, walipowekwa kuwa makuhani. Basi aliyekuwa nje alirudishwa kwa heshima iliyofanana na ya kuhani!

Katika Hesabu sura ya 12 twasoma ya kwamba Miriamu, dada yake Musa, alipatwa na ukoma akafungiwa nje siku 7. Watu hawakusafiri hata alipoletwa ndani tena. Taifa zima lilimngoja mtu mmoja.

Naye Bwana wetu, kama Marko asimuliavyo katika sura ya kwanza, alimgusa mwenye ukoma aliyemwendea, akamtakasa, kisha akamtuma kwa kuhani. Kwa nini amtume, naye amekwisha takasika? Kwa kuwa mwili kupona hakutoshi. Yapasa mtu arudi kwa watu wake.

Hapo ndipo sheria hii inapotuhukumu sisi wa leo. Mwaka 1873 daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aligundua kijidudu kiletacho ukoma. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri mchanganyiko wa dawa uuponyao, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure. Mgonjwa hutumia dawa miezi 6 au 12, na akiisha kuanza, mara haambukizi tena. Lakini vidole vilivyopotea havioti upya. Ugonjwa huondoka, makovu hubaki.

Tulipata kusali katika kanisa moja la kijijini. Mzee mmoja, aliyemaliza dawa na kuthibitishwa kwamba amepona, aliketi peke yake katika benchi la nyuma, karibu na mlango. Mikono yake haikuwa na vidole vyote. Nasi walimu, tuliosoma sura hizi na kuzifundisha, tulimpita tukaketi mbele. Tulikuwa na elimu kuliko kuhani wa kale, lakini hatukuweza kupambanua kovu na ugonjwa.

Basi, mtu akiona mwilini baka lililofifia rangi, tena lenye ganzi, aende hospitali mapema, asijifiche. Na sisi wengine, tukimwona aliyepona ameketi karibu na mlango, tusingoje aje mbele. Kuhani alitoka nje kumwendea. Na tuondoke mahali petu, tukaketi naye.