Divai Kuukuu: Je, Yafaa Kunywewa?

Tuseme kwamba katika nyumba moja ya Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, zimekutwa chupa mbili nyuma ya kabati, ambazo zimekaa humo miaka kumi. Ya kwanza ni divai nyekundu ya kawaida, iliyotengenezwa kwa zabibu za huko huko Dodoma. Ya pili ni divai tamu ya Ureno iitwayo Porto, ile ya rangi ya kahawia. Wenye nyumba wamesikia kwamba divai, kama mzee wa baraza, huzidi hekima kadiri umri unavyosonga. Je, wazifungue au wazimwage?

Yatupasa kwanza kukumbuka jinsi divai inavyopatikana. Hamira hula sukari iliyomo katika maji ya zabibu, ikatoa alkoholi na hewa ya kaboni daioksaidi. Divai ya kawaida huwa na alkoholi asilimia 11 hadi 14 hivi. Kiasi hicho hakitoshi kuvizuia vijidudu viitwavyo Acetobacter, ambavyo vikipata hewa huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki:

C₂H₅OH + O₂ → CH₃COOH + H₂O

Hata chupa iliyozibwa vema haisalimiki kabisa. Oksijeni kidogo hupenya kwenye kizibo mwaka hata mwaka. Wekundu hufifia, mashapo hutua chini, na harufu ya tunda hupotea. Divai chache tu duniani, zenye asidi na tanini nyingi, hufaidika na safari hiyo ndefu. Nyingi sana hutengenezwa ili zinywewe katika miaka michache ya mwanzo.

Hapo ndipo joto linapoingia. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likizidi kwa nyuzi 10 za Sentigredi, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huwa kama maradufu. Ghala nzuri ya divai huwa na nyuzi 13 hivi. Chumba cha bati mchana wa Dodoma chaweza kufikia nyuzi 28 na kuzidi. Tofauti ni nyuzi 15, na mwanafunzi akikokotoa 2 kwa kipeo cha 1.5 atapata 2.8. Kwa hesabu hiyo, kama joto hilo lingedumu usiku na mchana, miaka kumi ya kabatini ingekuwa sawa na miaka 28 ya ghalani! Usiku wa Dodoma una baridi yake, kwa hiyo hesabu halisi ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo chupa ya kwanza tusiitumainie. Uwanda huu wa kati, wenye mwinuko wa mita 1,100 hivi na mvua haba ya msimu mmoja, huupendeza mzabibu hata ukavunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini jua linaloivisha zabibu ni adui wa chupa.

Chupa ya pili ina habari nyingine. Katika bonde la mto Douro, maji ya zabibu hayaachwi yachachuke mpaka mwisho. Sukari ikiwa bado nyingi, hutiwa spiriti ya zabibu yenye alkoholi asilimia 77, na hamira hufa. Kwa desturi, pipa la lita 550 huchukua lita 435 za maji yaliyoanza kuchachuka na lita 115 za spiriti. Ikiwa yale maji yalikwisha kufikia asilimia 5, jumla ya alkoholi ni lita 110 na kidogo, yaani asilimia 20. Humo Acetobacter hawezi kustawi. (Wala mtu asidhani kwamba gongo ingefaa kwa kazi hiyo: mbali na kukatazwa na sheria, yaweza kuwa na methanoli ipofushayo macho.)

Kisha divai hiyo hukaa miaka mingi ndani ya mapipa ya mti, ikipata hewa polepole, mpaka wekundu wake ugeuke kahawia na ladha yake ifanane na njugu na matunda makavu. Maana yake ni kwamba oksijeni imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla ya chupa kuzibwa. Ndiyo sababu divai hii huvumilia kuliko nyingine; na ndiyo sababu pia haizidi kuwa nzuri ikiwa chupani. Nambari 10 au 20 katika lebo yaeleza umri wa pipani. Anayetaka kujua hali ya chupa yake na atafute mwaka wa kutiwa chupani, ambao huandikwa mahali pengine penye lebo. Miaka kumi baada ya hapo, ikiwa ilisimama wima mahali pa giza, yaelekea itanyweka vizuri, ingawa uchangamfu wake umepungua.

Jambo hili si geni Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana kabla ya Uhuru, na Kanisa lao hudai kwamba divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Sharti hilo limo katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924. Katika nchi ya joto sharti hilo si jepesi. Nalo lamgusa pia mkulima ambaye, wanunuzi wa zabibu wakiwa haba, husindika mwenyewe na kuweka divai akingoja soko. Pipa lake likiwa nusu tupu chini ya bati, nusu ya juu imejaa hewa yenye oksijeni. Na alijaze hadi mdomoni, au ahamishie divai katika vyombo vidogo, aviweke katika chumba chenye kuta nene.

Shuleni mwalimu aweza kulionyesha jambo hili pasipo mtu kuonja. Achukue divai nyeupe, ajaze chupa moja pomoni na nyingine nusu, ile ya pili aifunike kitambaa tu. Kila wiki apime mililita 10 za kila moja kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, akitumia finofthalini. Karatasi ya litimasi haitamfaa, kwa kuwa divai njema nayo ina asidi.