Mnara Mmoja, Wapangaji Wawili

Mwezi huu tunazungumzia minara. Najua wengine mtasema, eti minara inahusu nini na familia? Inahusu sana, jamani. Habari ya mama mjamzito anayehitaji gari usiku, na meseji ya mtoto aliyebaki Bujumbura anayeuliza mnaendeleaje, siku hizi mara nyingi zinapita kwenye chuma kimoja. Chuma hicho kikilala, zote mbili zinalala.

Anayeijua Bujumbura anajua jinsi mji ulivyokaa. Uko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, na nyuma yake milima inapanda mpaka Mlima Heha, wenye zaidi ya mita 2,600. Ukisimama juu kule unaona bonde la Rusizi, unaona Gatumba, na ng'ambo ya maji unaiona Uvira. Sasa mawimbi ya redio ndogo za mkononi yanakwenda kama macho. Palipo wazi yanafika, mlima ukisimama katikati, basi. Redio ya wati 5 ukiwa chini mjini haikufikishi mbali, ni kilomita chache tu. Ndiyo sababu kila mwenye antena anatamani kilima, na vilima vyenye barabara na ulinzi si vingi. Matokeo yake ni kama nyumba za Buyenzi: familia mbili tatu, ua mmoja, bomba moja la maji.

Mpangaji wa kwanza ni ripita. Hiki ni chombo kinachosikia sauti dhaifu kutoka bondeni na papo hapo kuirudisha kwa nguvu, ili aliye upande mwingine wa kilima aisikie. Mashirika ya misaada yanatumia ripita kwa redio zao za mkononi, zile ambazo wengi wetu tunaziita motorola. Watu wa redio za ridhaa nao wanazitumia. Hawa ni raia wa kawaida, walimu, mafundi, wanafunzi, waliofanya mtihani wakapewa leseni ya kuzungumza hewani bila malipo. Kila nchi ina alama yake: Burundi ni 9U, Tanzania 5H, Rwanda 9X, Kongo 9Q. Burundi ni wachache sana, lakini kazi yao tusiidharau. Desemba 2004 mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa na wenzake Port Blair, kwenye visiwa vya Andaman, na antena yao kwenye hoteli. Tarehe 26 ikaja tsunami. Simu zikakatika. Kwa siku nyingi wao ndio waliokuwa wakipeleka habari za nani yuko hai kwa familia zilizokuwa bara. Sisi tuliowahi kusubiri jina kwenye orodha ya Msalaba Mwekundu tunaelewa uzito wa kazi hiyo.

Mpangaji wa pili ni intaneti isiyo na waya. Zamani intaneti ya Bujumbura ilitoka kwenye setilaiti, bei kali na mwendo wa konokono. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, Burundi isiyo na bahari ikapata njia ya kupitia kwa majirani. Makampuni yakakubaliana kujenga mkongo mmoja wa pamoja, Burundi Backbone System, kwa msaada wa Benki ya Dunia, badala ya kila mmoja kuchimba mfereji wake. Lakini waya haufiki kila mtaa wala kila kambi. Kipande cha mwisho kinarushwa hewani, dishi kwa dishi, nazo hazifanyi kazi zisipoonana. Basi tumerudi kilimani tena, na huyu mgeni anabisha hodi kwa ripita.

Je, wataelewana? Mafundi wanasema ndiyo, mradi kila mmoja akae mahali pake. Ripita za ridhaa za aina hii zinafanya kazi karibu na megahezi 145, intaneti iko juu sana, kwenye gigahezi 2.4 au 5.8. Kwa hiyo mawimbi yenyewe hayagombani. Ugomvi unatoka pale ambapo mtu hatarajii: kwenye waya. Ule waya wa data unaopanda mnarani, ukiwa wa bei rahisi usio na ganda la chuma ndani, unavujisha kelele ndogo. Kwetu si kitu, lakini ripita ina masikio makali, kazi yake ni kusikia mnong'ono. Kelele ile inaufunika mnong'ono, na mtu wa mbali anaita, anaita, hasikiki. Halafu ripita nayo inalipiza kisasi: ikianza kurusha sauti, nguvu yake inaingia kwenye waya uleule na intaneti inakatika kila mtu akibonyeza kitufe. Tiba inajulikana. Unaweka waya wenye ganda la chuma, unaunganisha ganda hilo na ardhi, unauzungushia pete za feraiti, na waya wa ripita unaupitisha upande mwingine wa mnara.

Na nani akae juu? Hapa ndipo mabishano. Kwa maoni yetu ripita apewe kilele, maana anahitaji kuona pande zote, wakati dishi linahitaji kuliona dishi mwenzake tu na linaweza kutulia chini yake mita kadhaa. Dishi likiwa chini, upepo nao haulisukumi sana. Watu hudhani mnara unaangushwa na uzito, kumbe adui yake mkubwa ni upepo.

Jambo linalotuuma zaidi ni betri. Mwenye nyumba mvivu anafunga sola moja na betri moja kwa wote wawili. Mchana vijana wanatazama mpira na video, betri inaliwa. Saa nane za usiku mlinzi anaita gari la wagonjwa, redio kimya. Ripita ikikaa bila kuzungumza inakula umeme kidogo sana, haimnyimi mtu chochote. Iwe na betri yake, na betri hiyo isiguswe hata kama intaneti imezima. Hatuna la kubishana hapo.

Halafu kuna radi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 kwa picha za setilaiti uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kabare haiko mbali na Bujumbura. Mnara juu ya kilima katika ukanda huu utapigwa, swali ni lini. Kinachouokoa ni waya mnene wa shaba unaotoka mnarani mpaka ardhini, na vyombo vyote viwili vinapaswa kufungwa kwenye ardhi hiyohiyo moja. Shaba hiyo ndiyo watu wanayoikata usiku kwenda kuiuza kwa kilo. Pesa ya sabuni mbili tatu, na mvua ya kwanza inaunguza ripita na intaneti pamoja.

Wengine wanauliza kama ni busara kuweka kila kitu mahali pamoja. Ni swali zuri. Warundi wanakumbuka mwaka 2015: mwishoni mwa Aprili WhatsApp na Facebook zilifungwa kwenye simu, na tarehe 13 na 14 Mei redio za Bujumbura kama RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikashambuliwa na kunyamaza. Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016, Bonesha mpaka 2021. Siasa tunaziacha kwa wenyewe. Tunachosema ni kwamba nyakati zile familia zilitafutana kwa njia yoyote iliyobaki. Kwa hiyo mnara wa pamoja ni sawa, unapunguza gharama, lakini pawe na redio moja ya foni mahali pengine kabisa, yenye antena yake na betri yake, isiyotegemea kilima kile.

Kina mama mnaouliza kama mnara unadhuru watoto: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa mawimbi dhaifu ya minara ya simu na ya mitandao isiyo na waya yanaleta madhara kwa afya. Hatari tunayoijua ni ya kupanda na kuanguka, na ya kucheza chini yake wakati ngurumo zimeanza. Watoeni watoto hapo.

Na vijana wanaopenda ufundi, tunawapenda, ila msinunue redio ya kurushia sauti sokoni mkaanza kuita. Kila nchi ina ofisi yake ya leseni, Burundi ni ARCT, Tanzania ni TCRA, na kwa mkimbizi kukamatwa na chombo hicho bila karatasi ni kesi nzito. Kujifunza kusikiliza, kuchomelea waya na kupima betri hakuvunji sheria. Na ukikuta waya wa shaba umekatwa chini ya mnara, usiuguse, mwite mlinzi wa zamu au kiongozi wa zoni siku hiyohiyo, kabla wingu halijajikusanya.