Uzamili na uzamivu wa utafiti: yanayokwamisha maombi kabla hata ya fomu

Kila tunapozungumzia elimu ya juu hewani, huja swali hili: mtu mwenye shahada ya kwanza ya Historia, Kiswahili, Isimu, Fasihi au Dini, anayeishi na kufanya kazi kijijini, anaombaje shahada ya uzamili au uzamivu ya utafiti? Wengi huuliza fomu inapatikana wapi. Fomu ndiyo sehemu rahisi. Ipo kwenye tovuti ya chuo, inajazwa hata kwa simu, na ada ya maombi hulipwa kwa kontroo namba kama bili nyingine za Serikali. Maombi hukwama mahali pengine, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna uzamili wa kuingia darasani: unasoma kozi, unafanya mitihani, mwishoni unaandika tasnifu fupi. Halafu kuna uzamili na uzamivu kwa njia ya tasnifu, ambako darasa ni dogo au halipo, na kazi yako kubwa ni utafiti. Kwa njia hii ya pili alama nzuri peke yake haitoshi. Chuo kinataka kuona kwamba una swali linalostahili miaka kadhaa ya kazi, na kwamba chuoni yupo mtu anayeweza kukusimamia. Ndiyo maana unaombwa pendekezo la utafiti, yaani maelezo ya kurasa chache: unataka kujua nini, nani ameshaandika juu yake, utapata wapi habari, na utazikusanya vipi.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Mwalimu wa sekondari huko Kidugala, wilayani Wanging'ombe, anataka kuandika "Historia ya Kidugala". Kila mtu wa eneo hili anajua kwamba misheni ya Kidugala ni ya zamani, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba shule na kanisa vina mizizi mirefu pale. Lakini "Historia ya Kidugala" ni mada, si swali. Msimamizi akiisoma atauliza: historia ya nini, ya miaka gani, na ni jambo gani ambalo bado halijulikani?

Mwalimu wetu akilifikiria zaidi, anaweza kuja na hili: wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walimu wenyeji waliendeshaje ibada na shule vijijini? Hilo ni swali. Tatizo linajitokeza kwenye njia ya kulijibu. Sehemu kubwa ya barua na ripoti za misheni ile ipo Berlin, kwenye hifadhi ya nyaraka za kanisa, na imeandikwa kwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida. Haina maana swali liachwe. Ina maana pendekezo liseme wazi: nitajifunza lugha hiyo, au nitategemea vitabu vya usharika na simulizi za familia za walimu wale, na mipaka ya vyanzo hivyo ni hii.

Au achukue swali lingine, ambalo kwa maoni yangu lina haraka zaidi. Wakati wa Waingereza, wilaya ya Njombe ilitoa wanaume wengi kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, maarufu kama SILABU. Habari za wanaume hao zimeandikwa. Je, wanawake waliobaki nyumbani waliendeshaje mashamba, mifugo na kesi za mahari kwa miaka ambayo mume hayupo? Nani aliamua mbegu ipandwe wapi? Pesa iliyotumwa ilifika mkononi mwa nani?

Swali hili linaweza kujibiwa na mtu anayeelewa Kibena, anayejua kukaa jikoni na bibi bila kumharakisha. Lakini hesabu miaka. Aliyekuwa binti wa miaka 15 mwaka 1955 sasa amepita 80.

Jambo kama hili limewahi kutokea. Vita vya Majimaji vilifika Ubena mwaka 1905, na Septemba ya mwaka huo misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa na wapiganaji wa mtwa Mbeyela. Kwa miaka mingi masimulizi yaliyokuwa kwenye karatasi yalikuwa ya upande wa Wajerumani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Dar es Salaam, chini ya mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda kusini kuwauliza wazee yale waliyoyaona au kusimuliwa na wazazi wao. Gwassa mwenyewe aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo, akaimaliza mwaka 1973. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Kutoka 1955 hadi leo ni zaidi ya hiyo.

Sasa tuje kwenye kosa linaloangusha mapendekezo mengi: sentensi inayosema "hakuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hili". Mara nyingi yupo. Juu ya Wabena, Seth Nyagava aliandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988, inayoishia 1914. Juu ya kazi za vibarua wa Njombe, James Graham aliandika tasnifu huko Marekani mwaka 1968. James Giblin alichapisha mwaka 2005 kitabu kizima juu ya familia za Njombe katika karne ya 20. Sarufi ya Kibena iliandikwa na Michelle Morrison kama tasnifu katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, mwaka 2011. Anayetaka kutafiti Kibena bila kumtaja huyu wa mwisho atarudishwa mlangoni.

Kuwataja hakukupunguzii nafasi. Kinyume chake, unaonyesha walipofika, kisha unaonyesha pengo: huyu aliishia 1914, yule aliandika juu ya vibarua, mwingine alichunguza sarufi lakini si nyimbo za harusi. Hapo ndipo swali lako linapokaa. Tasnifu nyingi zinasomeka bure kwenye hazina za mtandaoni za vyuo. Pakua ukiwa mjini Makambako au Njombe ambako mtandao una nguvu, usome nyumbani.

Ukishakuwa na swali, tafuta msimamizi kabla ya kujaza fomu. Ingia kwenye tovuti ya idara, soma walimu wake wanaandika juu ya nini, kisha mwandikie mmoja barua pepe fupi. Isiwe "Naomba unisaidie nipate uzamivu". Iwe namna hii: "Dkt., mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari wilayani Wanging'ombe. Nimesoma makala yako juu ya kazi za vibarua. Nataka kuchunguza wanawake waliobaki Ubena wakati wa manamba, miaka ya 1945 hadi 1961. Nimeambatanisha kurasa mbili. Je, uko tayari kuzisoma na kuniambia kama naweza kuomba chini ya usimamizi wako?" Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine. Kutojibiwa si kukataliwa. Walimu hawa wana mitihani ya kusahihisha kama wewe.

Chuo kipi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia, na kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako tasnifu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili wengi hawalijui, na limewafanya watu wanaoandika Kiswahili safi kukata tamaa kwa sababu ya Kiingereza. Kwa Historia, jiandae kuandika kwa Kiingereza. Dodoma nako zipo programu za namna hii. Chuo Kikuu Huria kinamfaa anayebaki kazini, kwa kuwa kina vituo mikoani. Kama shahada yako ya kwanza uliipata nje ya nchi, utahitaji Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iithibitishe, anza mapema.

Vyeti, matokeo na cheti cha kuzaliwa vipige skani vizuri steshenari, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Wadhamini wa kitaaluma, kwa kawaida wawili, wawe walimu waliokufundisha chuoni. Mchungaji au diwani ni mtu wa maana, lakini hawezi kusema kama unajua kutafiti. Na kama umeajiriwa, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.

Kuhusu pesa nisiwadanganye. Ufadhili wa masomo ya insia ni mchache kuliko wa afya au kilimo, na wengi hujilipia kidogo kidogo. Zipo nafasi za DAAD ya Ujerumani na za Jumuiya ya Madola, zinazotangazwa bure kwenye tovuti zao na zisizotoza ada ya kuomba. Anayekutaka utume pesa kwa simu ili "akushike mkono" upate ufadhili ni tapeli. Vilevile wapo wanaouza mapendekezo yaliyoandikwa tayari, na sasa wapo wanaoandikiwa na akili mnemba. Vyuo vina programu za kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na hata ukipita hapo, utakaa mbele ya jopo ulitetee pendekezo ambalo hukulifikiria.

Ukipokelewa, bado hujaruhusiwa kuanza kuhoji watu. Chuo kitakupa barua ya kibali cha utafiti. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mzaliwa wa Kidugala naye anaipitia njia hii, hata kama mtendaji ni binamu yake. Halafu unafika kwa bibi. Unamwamkia, unamweleza kwa Kibena unatafuta nini na sauti yake itakwenda wapi, na unamwomba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Akisema jambo fulani lisirekodiwe, zima. Jioni hiyo hiyo nakili rekodi mahali pa pili, na mwachie mjukuu wake nakala.