Uyoga: Tazama Chini Kabla ya Kula

Mvua zinapoanza kunyesha watu hutoka na vikapu kutafuta uyoga. Kitoweo hiki ni kitamu, tena hakinunuliwi. Lakini chungu kimoja hulisha nyumba nzima, na kosa moja laweza kuidhuru nyumba nzima. Basi anayeanza yampasa kujifunza taratibu, aina moja moja.

Afadhali aanze na uyoga mkubwa wa vichuguu. Mchwa huulima chini ya ardhi kwa chakula chao; kwa hiyo shina lake hushuka kama mzizi mrefu mpaka kiotani mwao. Usiukate, uchimbue polepole kwa kijiti hata uone mwisho wake. Ukikuta shina limekaa katika kifuko kama ganda la yai, uache. Katika misitu ya miombo ziko aina zenye kifuko ambazo wenyeji hula. Lakini katika jamaa hiyo hiyo zimo ziuazo, na mwanafunzi hawezi kuzipambanua.

Kisha kata kofia, uilaze juu ya karatasi, uifunike kwa bakuli hata asubuhi. Mbegu zake zitaanguka kama vumbi. Vumbi la uyoga wa vichuguu lina rangi ya waridi iliyofifia. Likiwa jeupe au la kijani, usile. Uyoga wenye vumbi la kijani huota penye majani, hufanana na ule mwema, nao hutapisha vibaya.

Wengine husema kwamba uyoga ulioliwa na konokono haudhuru, au kwamba fedha hugeuka nyeusi chunguni penye sumu. Hayo si kweli. Wala kupika hakuondoi sumu ya uyoga uuao. Sumu hiyo hukawia: mtu haoni neno kwa muda wa saa 6 hata 12, au zaidi; ndipo hutapika na kuhara. Kisha aweza kupata nafuu, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo anayeshukiwa kula uyoga mbaya apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga.

Dalili hizi hazitoshi peke yake. Mwonyeshe uyoga wako mzee aliyekula aina ile miaka mingi katika nchi ile ile. Naye akisita, usiutie chunguni. Kulala na mboga za majani si hasara.