Ritifaa katika Majina ya Faili: Ng'oa si Ngoa

Katika makala hii fupi tunakusudia kueleza namna ya kuzipa majina faili na saraka katika Linux, pale mtumiaji anapoandika amri badala ya kubofya. Saraka ndiyo ambayo wengi wetu tunaiita folda. Suala hili linawahusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa maandishi yetu yana ritifaa.

Linux yenyewe haina masharti mengi. Kwa kawaida jina laweza kufika baiti 255, na alama ya kibodi isiyoruhusiwa ni mkwaju (/), ambao hutenganisha saraka na kilichomo ndani yake, kwa mfano tasnifu/sura_02.txt. Ugumu unatokana na sheli, yaani programu inayosoma amri zetu. Sheli huzipa alama kadhaa kazi nyingine.

Tuchukue mwanafunzi anayekusanya mifano ya maneno, kila neno na faili yake. Akiandika cat ng'oa.txt ili aisome faili hiyo, sheli huichukua ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, huonyesha alama ya > na kusubiri nukuu ifungwe. Mwanafunzi hudhani kompyuta imekwama. Haijakwama. Abonyeze Ctrl na C kwa pamoja, kisha aandike cat "ng'oa.txt".

Je, tuiondoe ritifaa? La, hasha. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika, kama vile jino au mti. Ngoa ni wivu au tamaa. Maneno yote mawili yakiitwa ngoa.txt, faili inayonakiliwa baadaye kwa amri ya cp kwa kawaida huifuta ya kwanza bila kuuliza. Tunapendekeza ng_oa.txt: kistari cha chini kishike mahali pa ritifaa katika jina, na tahajia sanifu ibaki ndani ya matini. Ikumbukwe pia kuwa ritifaa iliyopinda, inayowekwa na programu za kuchapia, ni alama tofauti kabisa kwa kompyuta.

Nafasi kati ya maneno ina hatari zaidi. Anayetaka kufuta faili iitwayo Sura 2.doc akiandika rm Sura 2.doc, sheli huona majina mawili: Sura na 2.doc. Kama 2.doc ipo, inafutwa, na rm haina kapu la taka la kuirudisha.

Kwa muhtasari:

1. Tumia herufi ndogo. Fasihi na fasihi ni majina mawili.
2. Weka kistari cha chini badala ya nafasi na ritifaa.
3. Andika sura_02, si sura_2, ili isipangwe baada ya sura_10.
4. Usianze jina kwa kistari, kwani amri hukidhani ni chaguo; wala kwa nukta, kwani faili hufichwa.

Tunawaomba walimu wanaosimamia tasnifu wakubaliane na wanafunzi wao juu ya majina kabla kazi haijaanza.